Si Kila Mjusi ni Mjusi Kafiri: Wajue Mijusi wa Mwambao na Visiwa Vyetu

Leo naweka kando siasa za kaunti na bei ya unga, nizungumze juu ya mnyama tunayelala naye nyumba moja na bado hatumjui: mjusi.

Sisi watu wa pwani tuna majina machache tu kwake. Kuna mjusi kafiri wa ukutani, kinyonga wa mtini, kenge mwizi wa mayai ya kuku, na guruguru wa shimoni. Aliyebaki huitwa mjusi, basi, yamekwisha. Lakini kutoka mwamba wa bahari hadi msitu wa kaya, mwendo ambao mtu huweza kuumaliza kwa asubuhi moja, utapita mijusi ambao koo zao zilitengana zamani mno, kabla binadamu hajakuwako. Mmoja jamaa zake wako Australia na Indonesia. Mwingine jamaa zake wako Madagaska. Wa tatu ni mwenyeji wa Afrika, na binamu yake ameishia Shelisheli.

Makala haya nimeyaandika yawe ya kuweka. Mwalimu apate mifano ya hapa kwetu, mzazi apate la kumjibu mtoto, na mzee wa kamati ya ufuo apate la kuuliza kabla mwamba haujavunjwa. Neno langu ni moja. Sisi tunaiona pwani kama ukanda mmoja mrefu, lakini kwa mnyama wa urefu wa kidole pwani hii ni visiwa vingi vilivyotengana. Penye visiwa ndipo aina mpya huzaliwa, na ndipo pia aina hupotea upesi bila mtu kushtuka.

MJUSI WA MWAMBANI

Tuanze ufuoni. Maji yakipwa, nenda penye mwamba wa matumbawe, ule mweusi wenye makali unaokata miguu. Kaa kimya dakika chache. Utaona kitu chembamba kikipita mbio kama uzi unaovutwa, kiingie katika ufa wa jiwe, kisha kitoe kichwa. Jina lake la kisayansi ni Cryptoblepharus africanus. Mimi hapa nitamwita mjusi wa mwambani.

Ni mdogo. Urefu wake wote pamoja na mkia ni kama sentimita 10. Rangi yake ni ya shaba iliyokolea hadi weusi, na mgongoni ana mistari na madoa hafifu, kwa hiyo juu ya jiwe haonekani mpaka asogee. Jicho lake halina kope za kufumba. Limefunikwa na gamba linalopitisha mwanga kama kioo cha saa, sawa na jicho la nyoka. Jina la jenasi yake, kwa Kigiriki, lina maana ya kope iliyofichika.

Kinachomtofautisha na wenzake ni anavyotafuta riziki. Bahari ikipwa, huteremka hadi sehemu iliyokuwa chini ya maji saa chache zilizopita, akawinda wadudu, vijidudu vya jamii ya kaa na kamba, na mara nyingine visamaki vilivyobaki vidimbwini. Maji yakijaa hupanda tena juu. Yaani anaishi kwa saa ya bahari, kama akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza.

Ukiuacha mwamba ukaelekea bara, humpati tena. Makao yake katika Afrika ni ukanda mwembamba wa mawe ya bahari unaoanzia Somalia, ukapita kwetu, Tanzania na Msumbiji, hadi kaskazini mwa KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Na ukanda wenyewe umekatika-katika. Baina ya mwamba na mwamba kuna fukwe za mchanga, mikoko na midomo ya mito. Kwa mjusi wa sentimita 10, mdomo wa Mto Sabaki ni bahari nyingine.

ALIFIKAJE HAPA?

Jenasi ya mjusi huyu ina zaidi ya spishi 50. Nyingi ziko Australia, Indonesia, New Guinea na visiwa vya Pasifiki. Kisha kuna bahari tupu ya maelfu ya kilomita, halafu wanatokea tena upande wetu: Morisi, Madagaska, Komoro na mwambao wa Afrika. India hawako. Uarabuni hawako. Basi hawakuja kwa kuzunguka pwani za Asia kwa miguu.

Mtu wa pwani atasema upesi kwamba waliletwa na majahazi. Ni jibu la maana, kwa sababu majahazi yetu yameleta mengi. Lakini utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2006, uliowalinganisha mijusi hawa wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ulionyesha kwamba tofauti baina ya wale wa kisiwa kimoja na kingine ni kubwa, za muda mrefu kuliko historia ya usafiri wa binadamu katika maji haya. Walivuka wenyewe, juu ya magogo na majani yaliyochukuliwa na mkondo.

Asiyeamini akumbuke ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 2014. Julai 2015 kipande cha bawa lake kilipatikana kisiwa cha Réunion. Mwaka 2016 kipande kingine kikubwa kiliokotwa Pemba, hapa kwa jirani zetu, na wachunguzi wakathibitisha kwamba ni cha ndege hiyo. Hakuna nahodha aliyekileta. Mkondo mkuu wa Bahari ya Hindi ulio kusini ya ikweta hutoka mashariki ukaja magharibi, ukagonga Madagaska, na tawi lake likapanda na pwani yetu kuelekea kaskazini. Ukiweza kuleta bati la ndege, utaleta gogo lenye mjusi.

Na mjusi ni abiria hodari. Ngozi yake ya magamba haipotezi maji upesi. Damu yake hufuata joto la hewa, kwa hiyo hahitaji kula kila siku kama panya. Hujibana katika ufa wa gogo na kungoja. Safari za namna hii zimeshuhudiwa pia. Mwaka 1995, baada ya vimbunga viwili kupita Karibi, kundi la mijusi wakubwa wa kijani wanaoitwa iguana lilifika kisiwa cha Anguilla juu ya lundo la miti iliyong'olewa. Wavuvi waliwaona wakishuka ufuoni. Kabla ya siku hiyo, aina hiyo haikuwako Anguilla.

MAGEUKO KWA LUGHA NYEPESI

Najua neno mageuko huwafanya baadhi ya wasomaji wangu wakunje uso. Hapa sizungumzii asili ya binadamu. Nazungumzia mijusi waliopimwa kwa rula.

Mambo yenyewe si magumu. Watoto wa mjusi hawafanani sawasawa. Mmoja ana miguu mirefu kidogo, mwingine ana taya lenye nguvu zaidi. Mahali wanapoishi pakiwa pagumu, wenye umbo linalofaa huishi na kuzaa zaidi, na watoto wao hurithi umbo hilo. Sasa watenge kwa maji, kundi hili kisiwa hiki, kundi lile kisiwa kile, wasioane tena. Kila kundi huenda njia yake. Muda ukiwa mrefu wa kutosha, hata ukiwakutanisha hawatazaliana. Hapo una spishi mbili.

Wakati mwingine mabadiliko huja upesi kuliko tulivyodhani. Mwaka 1971 watafiti walichukua jozi tano za mjusi aina ya Podarcis sicula kutoka kisiwa kidogo cha Pod Kopište katika Bahari ya Adriatiki, wakawapeleka kisiwa jirani cha Pod Mrčaru. Matokeo ya uchunguzi yalichapishwa mwaka 2008. Uzao wa wale kumi ulikuwa na vichwa vikubwa zaidi na uwezo wa kuuma kwa nguvu zaidi. Walikuwa wanakula majani kwa wingi, na matumboni mwao mlikuwa na vikunjo vya kuchelewesha chakula ili majani yasagike vizuri, jambo ambalo wale wa kisiwa cha asili hawakujulikana kuwa nalo. Miaka 36 tu, chini ya umri wangu.

Mfano wa pili ni wa Septemba 2017. Watafiti walikuwa wamemaliza kuwapima mijusi wadogo wa mitini katika visiwa viwili vya Turks and Caicos, kisha vimbunga Irma na Maria vikapiga. Waliporudi waliwapima walionusurika. Kwa wastani walikuwa na nyayo pana zaidi za kushikia na mikono mirefu zaidi. Wasioweza kulikamata tawi vizuri walikuwa wamepeperushwa.

KISIWA CHA JUZI NA KISIWA CHA KALE

Turudi nyumbani, maana hapa napenda kila mtoto wa Lamu na Vanga aelewe. Visiwa havilingani umri.

Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa katika enzi ya barafu. Maji mengi yalikuwa yameganda, na bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Wakati huo hakukuwa na kisiwa cha Mombasa, wala Lamu, wala Manda, wala Pate. Hata Unguja na Mafia zilikuwa zimeungana na bara. Mjusi angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi mahali palipo Mji Mkongwe leo. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda na kuvitenga visiwa hivi. Hivyo ni visiwa vya juzi, na wanyama wao wengi ni wale wale wa bara.

Pemba ni mambo mengine. Mkono wa bahari ulioko baina yake na bara una kina cha mamia ya mita, na hata enzi ya barafu haukukauka. Ndiyo maana Pemba kuna viumbe ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Popo mkubwa wa Pemba anajulikana. Anayejulikana kidogo ni mjusi wa kijani wa Pemba, Phelsuma parkeri, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1941. Huyu hutembea mchana, rangi yake ni ya jani la mgomba, na hupenda migomba na minazi. Kwa asili si wa Afrika bara. Ukoo wake, wenye aina nyingi, makao yake makuu ni Madagaska. Ndugu yake Phelsuma dubia yuko Komoro, Unguja na sehemu za pwani ya Afrika Mashariki. Ukienda Ngazija ukirudi Zanzibar utamkuta pande zote mbili.

Na usidhani safari zote zilikuwa za kuja kwetu. Shelisheli kuna kinyonga mmoja, Archaius tigris, asiyepatikana kwingine. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ukoo wake ni wa Madagaska. Mwaka 2011 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni vinyonga wadogo wa Afrika Mashariki wa jenasi ya Rieppeleon, wale wa mkia mfupi wanaofanana na jani kavu. Mmoja wao, Rieppeleon kerstenii, tunaye katika vichaka na misitu ya pwani ya Kenya. Kwa hiyo mababu wa kinyonga wa Shelisheli walitoka upande wetu, enzi ambazo mikondo ya bahari haikuwa kama ya leo, wakapelekwa zaidi ya kilomita 1,000 wakiwa juu ya miti.

MSITU NAO NI KISIWA

Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Msitu uliozungukwa na mashamba, kwa mnyama asiyeweza kuishi shambani, ni kisiwa.

Misitu ya pwani ya zamani imebaki vipande vipande: Arabuko-Sokoke, Shimba Hills, na kaya za Mijikenda ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Humo kuna mijusi ambao hutawaona Mombasa mjini. Kuna Gastropholis prasina, wa kijani kibichi, mwembamba, mwenye mkia mrefu unaoshika matawi. Kuna pia Holaspis laevicauda, mweusi mwenye mistari myepesi na mkia wa buluu, ambaye hujibana kuwa bapa na kujitupa kutoka mti hadi mti kama karatasi inayoelea. Ni mjusi anayeruka bila mbawa, na wengi wetu tumezaliwa na kukulia kilomita chache kutoka makao yake.

Aliye rahisi kuonekana ni yule mdogo wa kichwa cha manjano anayepanda minazi na miembe mchana. Wako wa aina zaidi ya moja katika jenasi ya Lygodactylus, na mmoja wao amebeba jina la mji wetu: Lygodactylus mombasicus. Mwangalie vizuri. Chini ya ncha ya mkia ana vibandiko vya kunata kama vile vya vidoleni, kwa hiyo mkia humsaidia kushika kama mguu wa tano.

Milima ya Taita, ndani ya eneo hili letu la Pwani, ni kisiwa cha namna nyingine tena. Kileleni ni baridi na ukungu, chini ni nyika kavu ya Tsavo. Kinyonga wa pembe mbili wa Taita, Kinyonga boehmei, yuko huko juu tu. Hawezi kushuka akavuka nyika kama vile mjusi wa Pemba asivyoweza kuogelea hadi Tanga. Na wanasayansi wameiita jenasi hiyo kwa neno letu la Kiswahili, Kinyonga.

MJUSI KAFIRI NA WAGENI WA BANDARINI

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tunayemwita mjusi kafiri kwa kweli ni zaidi ya mmoja. Kuna Hemidactylus mabouia, mwenyeji wa Afrika aliyesambaa sana. Kuna Hemidactylus platycephalus, mkubwa zaidi, apendaye mibuyu na kuta za nyumba za mawe. Na kuna Hemidactylus frenatus kutoka Asia, aliyeingia pwani yetu na anayesikika akilia chak-chak-chak usiku. Wamalay na Waindonesia humwita cicak, na jina lenyewe linafuata mlio wake.

Hawa ndio mijusi waliosafiri kweli na vyombo vya binadamu. Mabouia wa Afrika leo yuko Brazili, Karibi na Florida. Frenatus wa Asia ameenea karibu kila bandari ya joto duniani, ndani ya mbao, makontena na mizigo. Mgeni huyu si wa kuchekea kila mahali. Huko Morisi amechangia kuwasukuma nje mijusi wa usiku wa jenasi ya Nactus, ambao siku hizi wamebakia kwenye visiwa vidogo vya pembeni. Huwanyang'anya maficho yao.

Nikifika hapa najua swali linakuja: na hadithi je? Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim zimo riwaya za kuamrisha kuuawa kwa wazagh, na hapa kwetu wengi wamelielewa neno hilo kuwa ni huyu mjusi wa ukutani. Sina elimu ya kutoa fatwa, na mlango huo nawaachia masheikh. Ninalolisema mimi ni dogo: hata anayeshika riwaya hiyo neno kwa neno, haimpi ruhusa ya kumponda kila chenye mkia na miguu minne. Katika vitabu hivyo hivyo mna habari ya dhab, mjusi mkubwa wa jangwani, aliyeliwa na Khalid bin Walid mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye hakumkataza ingawa yeye mwenyewe hakumla. Yaani tangu wakati huo watu walijua kutofautisha mjusi na mjusi. Sisi tumekuwa wavivu wa macho. Mtoto anayetoka madrasa na kumrushia jiwe kinyonga, au mjusi wa mwambani, au yule wa kichwa cha manjano aliye juu ya mnazi, hajafuata sunna yoyote. Hakufundishwa tofauti tu.

KINACHOWATISHIA

Katika hao wote, wa nyumbani simhofii. Nawahofia waliofungwa mahali pamoja.

La kwanza ni mwamba wenyewe. Mawe ya matumbawe ndiyo nyumba zetu tangu enzi za Gede na Takwa, na siwezi kumwambia mtu asijenge. Lakini zamani jiwe lilikatwa kwa shoka na sururu. Siku hizi mashine humaliza ekari kwa muda mfupi, na mahoteli na nyumba za kifahari hujenga kuta hadi maji yanapofika. Ukuta wa saruji laini hauna ufa wa kujificha wala wa kutagia mayai. Mjusi wa mwambani hawezi kuhamia mchangani kungoja kesho. Mwamba wake ukiondoka na yeye ameondoka, na kama mwamba wa jirani uko ng'ambo ya ufuo mrefu wa mchanga, hakuna atakayekuja kuziba pengo.

La pili ni mafuta. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba kusini mashariki mwa Morisi, na mwezi wa Agosti takriban tani 1,000 za mafuta zilimwagika. Wahifadhi walilazimika kwenda visiwa vidogo vya karibu kuwakamata mijusi wa aina tatu, mmojawapo ndugu wa mjusi wetu wa mwambani, Cryptoblepharus boutonii, na baadhi yao wakasafirishwa kwa ndege hadi hifadhi ya wanyama ya Jersey, huko Ulaya, ili uzao usikatike. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa wanajua nani anaishi kisiwa gani. Sisi tuna bandari ya Mombasa, na bandari ya Lamu imefunguliwa mwaka 2021. Meli kubwa zinapita mbele ya miamba yetu kila siku. Yakitufika ya Wakashio, tutajua nani wa kumwokoa, na yuko mwamba upi?

La tatu ni biashara. Tanzania kuna mjusi mdogo, Lygodactylus williamsi, ambaye dume lake ni la rangi ya feruzi. Anaishi juu ya miti ya jamii ya mkadi katika msitu wa Kimboza, Morogoro, na vipande vichache vya karibu. Kwa uzuri wake alikamatwa kwa maelfu kuuzwa Ulaya, Marekani na Asia kama pambo la sebuleni, na mikadi yenyewe ikakatwa ili kumfikia. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimweka katika orodha ya juu kabisa, kumuuza kibiashara baina ya nchi na nchi ni marufuku. Hapa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukamata na kuuza wanyama wa mwituni bila kibali. Kijana akifuatwa ufuoni na mgeni anayetaka vinyonga wa kununua, ajue kwamba pesa ile ina jela nyuma yake.

La nne ni kunguru wa Bara Hindi, wale kurabu wetu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakafika hadi huku. Hula vifaranga, mayai na mijusi. Wanaongezeka kwa taka zetu wenyewe. Kila pipa la taka lililo wazi ni mfuko wa chakula cha kurabu.

LA KUFANYA

Sidai watu waache kujenga wala kuvua. Naomba mambo manne yasiyogharimu sana.

Kwanza, panapoitishwa baraza juu ya ujenzi wa ufuoni au machimbo ya mawe, mwananchi aulize: ripoti ya athari kwa mazingira imehesabu wanyama wa mwambani, au imetaja kasa na mikoko peke yake? Swali moja likiulizwa kila baraza, watakuja wamejitayarisha.

Pili, pakijengwa, pabakishwe kipande cha mwamba mbichi mbele ya ukuta, na kuta za kuzuia maji zijengwe kwa mawe yenye nafasi baina yake badala ya saruji laini. Ufa wa upana wa kidole unatosha kuwa nyumba.

Tatu, walimu wa sayansi wawatoe watoto nje. Shule iliyo karibu na ufuo ina somo la mageuko mlangoni mwake, bure. Saa ya maji kupwa, daftari na penseli, wahesabu mijusi katika mita 20 za mwamba, warudie mwezi ujao, wahifadhi hesabu. Baada ya miaka mitano shule hiyo itakuwa na rekodi ambayo hata chuo kikuu kitakuja kuiomba.

Nne, tuwape majina. Nimemwita mjusi wa mwambani kwa sababu jina hilo linaeleweka na kila mtu. Wavuvi wa Pate, Kipini, Takaungu, Gazi na Wasini huenda wana majina mazuri zaidi ambayo hayajaandikwa popote. Kama unalo, tuandikie, na useme umelisikia kijiji gani na ni mjusi wa sura gani. Nitayakusanya na kuyachapisha hapa hapa, inshallah. Mnyama asiye na jina hakuna anayemtetea, hata siku mashine zinapofika mlangoni kwake.